Tiketi za mechi za mwondoano na barabara ndefu ya shabiki wa Kesses

TIKETI ya mechi ya mwondoano haikai sokoni kwa muda mrefu. Mwandaaji hawezi kuiuza mapema kwa kuwa hajui ni timu zipi zitakazokutana, wala hawezi kumwambia mteja asubiri mechi ijayo, kwa kuwa atakayeshindwa hana mechi ijayo. Siku chache zilizopo kati ya matokeo ya hatua iliyotangulia na kipenga cha kwanza ndizo za kufungua mauzo, kusambaza tiketi na kupanga walinzi wa milangoni.

Kwa mkazi wa Nairobi siku hizo hutosha. Kwa shabiki wa Kesses, karibu kilomita 300 kutoka jijini, siku hizo hizo ndizo za kutafuta tiketi, nauli, ruhusa ya kazini na mahali pa kulaza ubavu baada ya mechi. Ndiyo sababu mjadala wa tiketi unapozuka upande huo wa nchi, bei ya kiti huwa ni sehemu ndogo tu ya mazungumzo.

Kesses ni eneobunge la Kaunti ya Uasin Gishu lililomchagua mbunge wake wa kwanza Machi 4, 2013. Awali sehemu hiyo ilikuwa chini ya Eldoret Kusini. Wadi zake ni Racecourse, Cheptiret/Kipchamo, Tulwet/Chuiyat na Tarakwa. Ni nchi ya mahindi, ngano na maziwa, lakini pia ndiko liliko bewa kuu la Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa 1984. Wanafunzi wa chuo hicho hutoka kila pembe ya Kenya, nao huja na mapenzi yao: huyu Gor Mahia, yule AFC Leopards, mwingine hana klabu ya nyumbani ila timu ya taifa inapocheza hatulii. Anayedhani kwamba sehemu hii inayosifika kwa wanariadha haijui kandanda hajawahi kupita kwenye vibanda vya video vya eneo hilo siku ya mechi kubwa.

SIKU TANO ZA AGOSTI

Mfano ulio wazi zaidi wa tatizo hili ni michuano ya CHAN ya Agosti 2025, iliyoandaliwa kwa pamoja na Kenya, Tanzania na Uganda. CHAN ni kipute cha mataifa ya Afrika kinachowahusisha tu wanasoka wanaosakata katika ligi za nchi zao. Awali kilipangiwa kuanza Februari mwaka huo, lakini mnamo Januari Shirikisho la Soka Afrika (CAF) likakisogeza hadi Agosti ili viwanja na miundomsingi mingine ikamilishwe.

Kenya, iliyokuwa ikishiriki kwa mara ya kwanza, ilitiwa katika Kundi A, ambalo wengi waliliona kuwa gumu kupindukia. Hata hivyo, vijana wa kocha Benni McCarthy waliilaza DR Congo 1-0 mnamo Agosti 3, wakatoka sare ya 1-1 na Angola Agosti 7, kisha Agosti 10 wakaizima Morocco 1-0 kwa bao la Ryan Ogam huku wakicheza sehemu kubwa ya mechi wakiwa wachezaji kumi. Agosti 17 waliilaza Zambia 1-0 na kumaliza kileleni mwa kundi.

Hapo ndipo saa ya tiketi ilipoanza kuhesabika. Kabla ya mechi ya Zambia, hakuna aliyeweza kusema kwa hakika robo-fainali ya Kenya ingechezewa wapi. Mshindi wa Kundi A alipangiwa kubaki Kasarani; aliyeshika nafasi ya pili alipangiwa kusafiri hadi Dar es Salaam kukabiliana na mshindi wa Kundi B katika uwanja wa Benjamin Mkapa. Morocco ndiyo iliyofuata njia hiyo ya pili, ikaenda kuwatoa wenyeji Tanzania kwa bao 1-0. Kwa hivyo shabiki wa Kesses aliyetaka kuiona Kenya ikicheza mechi yake ya kwanza ya mwondoano katika CHAN alipata uhakika wa mahali Jumapili jioni, na mechi yenyewe ilikuwa Ijumaa, Agosti 22. Siku tano.

Tena Ijumaa ni siku ya kazi, na mechi ilipangiwa jioni. Safari ya kutoka Kesses hupitia Cheptiret, ambako barabara ya kutoka chuoni hukutana na barabara kuu ya Eldoret kwenda Nairobi, kisha Burnt Forest, Timboroa, Nakuru, Gilgil na Naivasha. Barabara ikiwa shwari ni mwendo wa saa tano au sita. Pakiwa na msongamano wa malori, ni wa Mungu tu. Nauli ya matatu kati ya Eldoret na Nairobi huzidi Sh1,000 kwa safari ya upande mmoja, ilhali tiketi ya kawaida ya mechi za soka nchini kwa miaka mingi imekuwa ya shilingi mia kadhaa. Nauli ya kwenda na kurudi ndiyo tiketi halisi ya shabiki wa mashambani, nayo hairudishwi timu ikifungwa.

Na timu ilifungwa. Alphonce Omija aliipa Kenya bao mara tu baada ya mapumziko, Madagascar ikasawazisha kwa penalti, muda wa ziada haukuleta jipya, na wageni wakashinda 4-3 katika matuta. Shabiki aliyetoka Bonde la Ufa aliondoka Kasarani usiku, na kama hakuwa na jamaa jijini, alianza safari ya kurudi gizani ili afike nyumbani alfajiri.

KUUZA SI KUJAZA

Katika michuano hiyo mashabiki walizua swali ambalo ni kongwe kuliko CHAN yenyewe: tiketi zikiisha, je, uwanja umejaa?

Jibu ni kwamba idadi ya tiketi zilizouzwa na idadi ya watu walioketi ni hesabu mbili tofauti. Ligi kadhaa za Amerika Kaskazini hutangaza idadi ya tiketi zilizouzwa au kugawanywa na kuiita mahudhurio, hata kama theluthi ya wenye tiketi walibaki nyumbani kwa sababu ya mvua. Hesabu ya pili ni ya watu waliopita langoni, nayo hupatikana tu ikiwa kila tiketi inasomwa na mashine au kukatwa kipande. Pana na hesabu ya tatu, ambayo wengi hawapendi kuizungumzia: watu walioingia bila tiketi.

Kasarani ilizijua hesabu zote tatu katika muda wa wiki tatu. Katika mechi za mwanzo mashabiki wasio na tiketi walijipenyeza na kuvunja vizuizi, na CAF ikaitoza Kenya faini kwa utepetevu wa usalama. Kisha, kuelekea mechi ya Zambia, shirikisho hilo likaamuru kwamba ni mashabiki 27,000 pekee watakaoruhusiwa katika uwanja ambao ulikuwa ukipokea hadi watu 48,000, na kwamba tiketi za kielektroniki tu ndizo zitakazotambuliwa. Zile za karatasi zikapigwa marufuku. Onyo lilitolewa pia kwamba fujo zikiendelea, mechi za Kenya zingehamishwa.

Agizo hilo lilikuwa na maana yake. Tiketi ya kielektroniki hubeba alama ambayo mashine ya langoni huisoma mara moja tu. Ikisomwa, nakala yake haifai tena. Tiketi ya karatasi huweza kuchapishwa upya kichochoroni usiku kucha. Lakini agizo hilo pia lilipunguza viti karibu nusu katika siku ambazo mahitaji yalikuwa yamepanda, na viti vinapopungua hivyo mlanguzi hufurahi. Malalamiko ya wakati huo yalikuwa yale yale kila mahali: tiketi zinatangazwa kuisha, kisha zinaonekana mikononi mwa watu wanaoziuza kwa bei ya juu, na siku ya mechi, macho yanaona viti vitupu mahali ambapo mtandao ulisema hapana nafasi.

Viti vitupu katika mechi iliyouzwa yote vina maelezo kadhaa, na si yote ni ya hila. Mlanguzi akikosa mnunuzi, kiti hubaki wazi. Tiketi za mwaliko zinazopewa wafadhili na maafisa mara nyingi huishia kwenye droo za meza. Na kuna mnunuzi mwaminifu wa mbali aliyelipa kwa simu Jumatatu, akakosa ruhusa Alhamisi, wala hapakuwa na njia rasmi ya kuirudisha tiketi yake ili auziwe mwingine. Huyu wa mwisho ndiye anayesahaulika. Simu imemwezesha mtu wa Kesses kununua tiketi sekunde ile ile na mtu wa Kasarani, jambo ambalo halikuwezekana enzi za kupanga foleni langoni, haijamwezesha kufika.

Wapo wanaopendekeza kwamba sehemu ya tiketi za timu ya taifa itengewe kaunti, ziuzwe pamoja na nafasi katika basi. Wapo wanaopinga, wakisema kwamba tiketi zilizotengwa ndizo za kwanza kuingia mifukoni mwa wanasiasa. Hofu hiyo si ya bure. Lakini wanaopinga huwa, aghalabu, ni watu wanaoishi umbali wa matatu moja kutoka uwanjani.

Nchini Kanada, ambako mpira wa miguu unaopendwa ni ule wa kubebwa na kurushwa kwa mikono, na ambako Kombe la Grey limeshindaniwa tangu 1909, klabu hukumbwa na shida iyo hiyo: mwenyeji wa mechi ya mwondoano hujulikana mwishoni mwa msimu, na mechi huchezwa Novemba baridi ikiwa imeshika. Dawa ya kawaida huko ni tiketi ya msimu. Aliyelipia msimu mzima hupewa haki ya kwanza ya kununua kiti cha mwondoano, kwa hivyo klabu huanza mauzo ikiwa tayari inawajua maelfu ya wateja wake kwa majina. Klabu nyingi za Kenya hazijajenga utamaduni huo. Shabiki hununua mechi moja moja, na mara nyingi hununua siku yenyewe.

KINACHOTOKEA LANGONI

Kununua siku yenyewe ndiko kulikoleta maafa. Jumamosi ya Oktoba 23, 2010, Gor Mahia na AFC Leopards, mahasimu wa jadi, walikutana katika uwanja wa Nyayo. Watu saba walikufa katika mkanyagano langoni. Hawakufa kwa sababu ya ugomvi wa mashabiki wa pande mbili. Walikufa kwa sababu umati mkubwa ulisukumana mahali pembamba kwa wakati mmoja.

Bara la Afrika lina orodha ndefu ya misiba ya aina hiyo. Katika uwanja wa Ellis Park, Johannesburg, Aprili 11, 2001, watu 43 waliangamia katika mechi ya Kaizer Chiefs na Orlando Pirates baada ya watu wengi kuliko viti kujaribu kuingia. Januari 24, 2022, watu wanane walifariki nje ya uwanja wa Olembe, Yaounde, Cameroon ilipokuwa ikikutana na Comoro. Hiyo ilikuwa mechi ya mwondoano, raundi ya 16 ya Kombe la Mataifa ya Afrika, na wenyeji walikuwa wakicheza. Masharti ya kukabili Covid-19 yalikuwa yamepunguza idadi ya mashabiki walioruhusiwa, lakini idadi iliyoandikwa kwenye karatasi haikuuzuia umati kumiminika hadi langoni.

Hili linafaa kukumbukwa na yeyote anayeliona agizo la CAF la 2025 kuwa dharau kwa Wakenya. Mechi ya mwondoano huvuta watu wasio na mazoea ya uwanja: hawajui lango lao, wamechelewa kwa sababu ya safari, na wakisikia mayowe ndani hudhani wamekosa bao. Shabiki aliyetoka mbali ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi ya kuwa katika kundi hilo la mwisho linalosukumana.

KIBANDA AU UWANJA

Wengi, bila shaka, hubaki nyumbani na kutazama. Kwa takriban mwongo mmoja hadi 2017, kituo cha SuperSport kilipeperusha mechi za Ligi Kuu ya Kenya. Fedha zake zilizipa klabu pumzi, na wakati huo huo kukazuka mjadala kama runinga ilikuwa ikiwaondoa watu viwanjani. Nchini Marekani ligi ya NFL ilikuwa na kanuni kali tangu 1973: mechi ambayo tiketi zake hazikuisha saa 72 kabla ya kuanza haikuonyeshwa kwenye televisheni za eneo la nyumbani. Kanuni hiyo ilisimamishwa 2015, wakati mapato ya televisheni yalikuwa yameyazidi mno yale ya milangoni.

Kwa Kesses hoja hiyo ina sura nyingine. Runinga haiwezi kumnyang'anya uwanja mtu ambaye uwanja hauko karibu naye. Oktoba 12, 2019, Eliud Kipchoge alipokimbia marathon jijini Vienna kwa saa 1:59:40, watu walifurika mbele ya skrini kubwa mjini Eldoret na kushangilia kana kwamba barabara ile ilikuwa ya kwao. Kutazama kwa pamoja ni aina ya mahudhurio, ingawa hakuna anayeyahesabu wala kuyatoza kodi.

ELDORET INGEPATA MECHI

Jambo linalouma zaidi ni kwamba mechi za CHAN ziliwahi kuahidiwa Eldoret. Kenya ilikuwa imepewa idhini ya kuandaa makala ya 2018, na miongoni mwa viwanja vilivyotajwa, pamoja na Kasarani, Nyayo na Kinoru mjini Meru, ulikuwamo uwanja wa Kipchoge Keino. Kutoka bewa la Kesses hadi uwanja huo ni mwendo wa chini ya saa moja. Septemba 23, 2017, CAF ikaipokonya Kenya michuano hiyo kwa kuwa maandalizi ya viwanja yalikuwa nyuma, na mwaka uliofuata ikachezewa Morocco. Haikuwa mara ya kwanza: Kombe la Mataifa ya Afrika la 1996 pia lilikuwa limepewa Kenya kabla ya kuhamishiwa Afrika Kusini.

Uwanja huo, uliopewa jina la mshindi wa dhahabu ya Olimpiki ya 1968 katika mita 1,500 na ya 1972 katika mbio za kuruka viunzi na maji, umepitia awamu za ukarabati zisizokwisha. Umati si tatizo lake. Majaribio ya kitaifa ya Olimpiki ya Rio yalipofanyiwa hapo mwishoni mwa Juni na Julai 1, 2016, watu walijitokeza kwa wingi kuona ni nani atakayepata tiketi ya Brazil. Na majaribio ya Kenya, kwa yeyote anayefahamu ushindani wake, ni mwondoano mkali kuliko fainali nyingi: bingwa wa dunia anaweza kuachwa nyumbani kwa kumaliza wa nne.

Viwanja vya Nairobi vilipofungwa kwa ukarabati, Harambee Stars ikawa timu isiyo na nyumba. Juni 2024 ilicheza mechi zake za "nyumbani" dhidi ya Burundi na Ivory Coast mjini Lilongwe, Malawi, na Septemba 6 mwaka huo ikaipokea Zimbabwe katika uwanja wa Mandela, Kampala. Kwa mkazi wa Uasin Gishu, Kampala haiko mbali sana kuliko Nairobi, kwa hivyo huenda kwake uhamisho huo haukuwa msiba mkubwa kama ulivyoonekana jijini. Timu iliporudi Nyayo kucheza na Gabon Machi 23, 2025 na kushindwa 2-1, kiu ya mashabiki ilikuwa imekwisha kuwa kubwa. Kiu hiyo ndiyo iliyofurika Kasarani miezi mitano baadaye.

Mechi ya robo-fainali pia ilionyesha jinsi mauzo ya mwondoano yanavyoweza kuporomoka kwa usiku mmoja. Wenyeji wote watatu walitolewa katika hatua hiyo hiyo: Kenya na Tanzania Agosti 22, na Uganda siku iliyofuata ilipofungwa 1-0 na Senegal. Aliyekuwa amenunua tiketi ya fainali ya Agosti 30 akiwa na ndoto ya Kenya alijikuta na kiti cha kutazama Morocco ikiilaza Madagascar 3-2. Ilikuwa fainali tamu, kwa kweli, yenye bao la mbali la Oussama Lamlioui lililozungumziwa sana. Ila ni wangapi wangepanda matatu Cheptiret alfajiri kwa ajili yake?

Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 lilikabidhiwa Kenya, Uganda na Tanzania Septemba 27, 2023. Katika ombi la nchi hizo tatu, uwanja wa Kipchoge Keino ulitajwa tena kwa upande wa Kenya. Baadaye macho yakahamia uwanja wa viti 60,000 wa Talanta, karibu na barabara ya Ngong jijini Nairobi, ulioanza kujengwa Machi 2024. Eldoret yenyewe ilipandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 15, 2024.